Nilinyamaza Miezi Minane

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti katika siku ya afya ya wanaume, iliyofanyika katika jumba la jamii. Inachapishwa hapa kwa ombi la wakazi waliohudhuria.

Wazee wetu, akina baba, vijana wa bodaboda mlioacha steji asubuhi hii, na akina mama mliokuja ingawa bango lilisema siku ya wanaume, karibuni.

Mnanijua. Mimi ndiye huwa nyuma ya kamera Gavana akizungumza. Kazi yangu ni kuwaambia barabara fulani imepitishwa greda, kisima fulani kimechimbwa, basari zimetoka. Sikuajiriwa kusema mambo yangu. Lakini mwezi uliopita Idara ya Afya iliniomba nitafute mwanamume atakayesimama hapa aeleze alivyoamua kufanyiwa upasuaji wa sehemu za siri na alivyopona. Nilitafuta wiki mbili. Kila niliyempata alikubali mchana akakataa jioni. Mwishowe nikaona ninamzunguka mtu ninayemjua vizuri kabisa, na mtu huyo ni mimi.

Mnaweza kucheka. Mke wangu yuko pale nyuma, tulikubaliana kabla sijapanda hapa, na yeye ndiye alicheka wa kwanza.

Nilikuwa na miaka 34. Nilianza kuhisi kitu kigumu chini ya ngozi ya uume, upande wa juu, kama punje ya mahindi. Uume ukisimama, palikuwa na maumivu. Nikajiambia ni mshipa, utapita. Baada ya wiki kadhaa nikaona unapinda kuelekea juu, na kila mwezi unazidi kidogo. Sikumwambia mtu. Nililala nikitazama ukuta. Mwenzangu akadhani nina mwanamke mwingine, na kwa kweli kama ningekuwa yeye ningedhani hivyo hivyo.

Nilikwenda kwenye kliniki moja ya kibinafsi, sitaitaja. Aliyenihudumia hakunifungua hata kifungo. Aliuliza maswali mawili, pazia likiwa wazi, akasema ni kisonono, akanidunga sindano na kuniambia nimlete mke naye atibiwe. Mnaweza kukisia nilivyopokelewa nyumbani. Yeye alikwenda kupimwa kwenye kituo cha afya cha serikali, akapatikana hana chochote. Siku tatu hakukuwa na salamu nyumbani kwangu. Watoto walipeleka ujumbe kutoka chumba kimoja hadi kingine kama matarishi.

Halafu nikafanya lile ambalo wengi wenu mnalifanya. Kuna yale mabango kwenye nguzo za stima, yenye nambari ya simu na ahadi ya kurudisha nguvu za kiume, mpenzi aliyepotea na kesi ya shamba, vyote na mtu mmoja. Mimi niliyesomea uandishi wa habari, niliyefundishwa kuuliza kila mtu umejuaje, nilipiga ile nambari. Nililipa shilingi 4,500 kwa unga wa kunywa na mafuta ya kuchua. Mafuta yaliniunguza ngozi na uume ukabaki umepinda.

Miezi minane ilipita hivyo. Siku moja mama watoto aliniambia, "Baba, kama ungekuwa mguu uliopinda, ungekuwa umeshaupeleka hospitali." Ni hayo tu. Asubuhi yake nikaenda kituo cha afya.

Aliyenipokea alikuwa afisa wa kliniki, binti wa umri wa dada yangu mdogo. Nikamwambia naumwa na kichwa. Akaandika. Akanitazama, akanyamaza kidogo, akasema, "Na kingine?" Nadhani wanaume wengi huja na kichwa. Nikamwambia. Alifunga pazia, akavaa glavu, akapapasa pale penye ugumu, akaniambia ugonjwa huu una jina na kwamba si mimi wa kwanza.

Unaitwa ugonjwa wa Peyronie, kwa jina la François Gigot de la Peyronie, daktari wa upasuaji wa mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa, aliyeueleza mwaka wa 1743. Karibu miaka mia tatu unajulikana, na sisi bado tunausomea kwenye nguzo ya stima.

Nieleze unavyofanya kazi, na vijana wa baiskeli na pikipiki watanielewa haraka. Tyubu ikipata pancha mnaiweka kiraka. Ukiipiga pampu nje ya tairi, mpira wote unatanuka isipokuwa pale penye kiraka, kwa hiyo tyubu inapinda kuelekea upande huo. Ndani ya uume kuna mirija miwili inayojaa damu, na imezungushiwa ala imara inayotanuka. Kovu likifanyika kwenye ala hiyo, upande wenye kovu hautanuki. Damu ikijaa, uume unapinda kuelekea kovu. Wengine hupinda juu, wengine kando, wachache chini. Wengine hubanwa katikati, kama chupa ya soda.

Kovu hutoka wapi? Mara nyingi madaktari wanadhani ni majeraha madogo wakati wa tendo la ndoa, pengine ambayo mtu hata hayakumbuki, yanayopona vibaya. Kisukari huongeza uwezekano. Umri pia; wengi huupata wakiwa kati ya miaka 40 na 60, mimi niliwahi. Na kuna watu wenye ugonjwa wa vidole vinavyojikunja kuelekea kiganjani visinyooke, hao nao wako karibu zaidi na huu. Si ugonjwa wa zinaa. Hauambukizi. Si saratani. Si laana wala adhabu ya kutoka nje ya ndoa, na hili nalisema polepole kwa sababu kuna ndoa zimeumia kwa uongo huu.

Nilipewa barua ya rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Nilikwenda nikiwa tayari kupasuliwa siku hiyo hiyo, hata nguo za kulala nilibeba. Akakataa.

Alisema ugonjwa huu una vipindi viwili. Cha kwanza ndicho cha maumivu, uume ukiendelea kupinda. Kinaweza kuchukua miezi sita, kinaweza kuchukua mwaka na nusu. Cha pili, maumivu yanaisha na mpindo unatulia. Upasuaji hufanywa katika kipindi cha pili tu, kwa kawaida baada ya mwaka mzima tangu dalili zianze, na mpindo uwe haujabadilika kwa miezi mitatu hadi sita. Ukishona nguo ambayo bado inarudi ikifuliwa, utaishona mara ya pili. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kusubiri na kupiga picha nyumbani, uume ukiwa umesimama, kutoka juu na kutoka kando, ili aone kama kuna mabadiliko. Nilizifungia simuni kwa nywila. Mimi mpiga picha wa kaunti, hizo ndizo picha ngumu zaidi nimewahi kupiga.

Nikiwa nasubiri nilimuuliza kuhusu vidonge. Akasema wazi kwamba vitamini E, ambayo wengi huuziwa, haijaonekana kunyoosha chochote; mwongozo wa madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani wa mwaka wa 2015 unawaambia madaktari wasiitoe kwa kazi hiyo. Dawa za kawaida za maumivu husaidia maumivu. Kuna sindano zinazodungwa ndani ya kovu, na kuna vifaa vya kuvuta taratibu kwa saa kadhaa kila siku kwa miezi, na vyote huwafaa baadhi ya watu. Akaniambia pia kwamba wako wanaoachwa hivyo hivyo. Nilikutana na mmoja kwenye benchi la kusubiria. Wake ulikuwa umepinda kidogo, hauumi, ndoa yake iko sawa. Alikuja kuuliza tu kama ni saratani. Akaambiwa hapana, akaenda zake kupanda kahawa. Huyo alitibiwa vizuri kabisa.

Mwaka ulipotimia, mpindo wangu ulikuwa umesimama. Nilidungwa sindano hospitalini ya kusimamisha uume, nikafanyiwa picha ya mawimbi ya sauti kuona damu inavyopita, na mpindo ukapimwa. Digrii 50. Tendo la ndoa lilikuwa haliwezekani bila mmoja wetu kuumia.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu huu ndio uamuzi wenyewe.

Kuna upasuaji wa aina tatu. Wa kwanza ni kukunja upande usio na kovu. Ni kama fundi cherehani anayeingiza mkunjo upande mrefu wa suruali ili mguu ulingane. Daktari Mmarekani aitwaye Reed Nesbit aliuandika mwaka wa 1965, na tangu hapo umebadilishwa kwa njia nyingi. Unawafaa wenye mpindo usiozidi digrii 60 hivi na ambao uume wao bado unasimama imara. Kasoro yake ni kwamba unafupisha, kwa sababu upande mrefu unaletwa ulingane na ule mfupi.

Wa pili ni kukata kovu na kuweka kiraka kinachotanuka, kilichotolewa kwenye mwili wako au kilichotengenezwa. Ni wa mipindo mikubwa, au ule wa umbo la chupa. Haufupishi sana, lakini hatari ya kupoteza nguvu za kusimamisha na kufa ganzi ni kubwa zaidi, maana mishipa ya fahamu inabidi iinuliwe.

Wa tatu ni kuwekewa kifaa ndani ya uume kinachousimamisha. Huo ni wa mwanamume ambaye ugonjwa umeungana na kukosa nguvu, na vidonge havimsaidii. Kulikuwa na mzee mmoja wodini mwenye kisukari cha miaka mingi aliyekuwa anaomba anyooshwe tu. Daktari akamwambia kwa heshima, "Mzee, nikikunyoosha bila kusimama, nimekufanyia nini?" Mzee akafikiri, akasema atarudi na mkewe waongee watatu. Nilimheshimu sana.

Mimi nilifaa ule wa kwanza. Nikamuuliza daktari, nitafupika kiasi gani? Hakuzunguka. Akasema tegemea sentimita moja, pengine na zaidi kidogo, na kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshanipunguzia. Akaniambia pia: "Sitakurudisha ulivyokuwa. Nitakunyooshea ulichonacho." Nilichukia maneno hayo njia nzima ya kurudi nyumbani. Baadaye niliona ndiyo maneno ya maana zaidi niliyoambiwa mwaka ule, kwa sababu wanaoingia chumba cha upasuaji wakitarajia kurudi walivyokuwa ndio wanaotoka na huzuni hata kama kila kitu kimefanyika sawasawa.

Usiku wa kuamkia upasuaji nilitaka kughairi. Nilikaa kitandani nikahesabu: nikibaki hivi, sina ndoa ya kitandani, lakini nina urefu wangu, nikienda, nitapata moja na kupoteza kidogo cha nyingine, na kuna uwezekano mdogo wa kupoteza vyote. Nikamuuliza mke wangu anataka nini. Akasema swali hilo nimechelewa kuliuliza kwa mwaka mmoja. Halafu akasema hajawahi kupima chochote kwa rula, ila amechoka kulala na mgongo. Nadhani hapo ndipo uamuzi ulipofanyika. Kama unaoa au umeoa, usiende kwa daktari bingwa peke yako. Nilikwenda peke yangu mara mbili za kwanza, na nusu ya niliyoambiwa sikuyasikia.

Na kabla hujatia sahihi fomu ya idhini, uliza. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inakupa haki ya kuelezwa matibabu, hatari zake, njia nyingine zilizopo, na gharama, kwa lugha unayoielewa. Muulize daktari amefanya upasuaji huo mara ngapi. Hatakasirika, na akikasirika umepata jibu lako. Mwambie dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda na aspirini, na usiziache mwenyewe bila kuambiwa. Sukari iwe imedhibitiwa. Sigara uache, kwa sababu inachelewesha kidonda kupona. Kama hujatahiriwa, unaweza kushauriwa utahiriwe hapo hapo, kwa kuwa ngozi hukatwa na kuvutwa nyuma ili daktari afikie ndani, na inaweza kuvimba na kukaza ikirudishwa.

Gharama, najua mnasubiri. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tuko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, si NHIF tena. Jisajili kwa kubonyeza *147#. Kumwona afisa wa kliniki kwenye zahanati au kituo cha afya kunagharamiwa na mfuko wa huduma za msingi. Ukipanda hospitali ya rufaa, lazima michango yako iwe imelipwa, na upasuaji wa kupangwa huombewa idhini ya SHA kabla. Usilale wodini ukidhani imeombwa. Nenda dirisha la SHA uulize mwenyewe. Mimi bado nilitoa kiasi mfukoni, hasa kwa vipimo na nauli, na nilikuwa nimeweka akiba kwa sababu nilikuwa na mwaka mzima wa kusubiri.

Upasuaji wenyewe sina la kusema, nililala. Niliamka na bandeji iliyobana na mpira wa mkojo, ambao ulitolewa asubuhi. Wengine huwa hawawekewi. Niliruhusiwa siku ya pili. Wengine hutoka siku hiyo hiyo.

Jambo la kwanza, usafiri. Usirudi kwa bodaboda. Najua mko hapa, ndugu zangu, msinune. Binamu yangu alinibeba kwa gari, na hata hivyo kila tuta nililihesabu. Nilivaa kikoi wiki mbili, suruali hapana.

Siku tatu za kwanza uvimbe ulinitisha. Uume na korodani viligeuka rangi ya zambarau. Niliambiwa mapema kwamba itakuwa hivyo, na bado nilimpigia nesi simu saa tano usiku. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa ilisaidia, dakika chache kwa wakati, kamwe isiguse ngozi moja kwa moja. Baada ya siku chache nilioga maji safi na kujikausha kwa kugusa, bila kusugua. Nyuzi za ngozi ziliyeyuka zenyewe ndani ya wiki chache.

Usiku ndio mgumu. Uume husimama wenyewe mwanamume akiwa amelala, hata wa mgonjwa, na mishono inavutwa. Niliamka saa nane, saa tisa, natembea sebuleni kwa kikoi kama mlinzi. Ukikojoa na kutembea kidogo hupungua. Iliendelea kama wiki mbili hivi, kisha ikatulia.

Nilirudi kazini baada ya siku kumi, kazi ya mezani. Kubeba vitu vizito nilikatazwa hadi wiki ya sita, kwa hiyo kijana wa mafunzo ndiye aliyebeba kamera na miguu yake mitatu. Alidhani nimepandishwa cheo. Anayechimba, anayebeba mizigo sokoni au anayeendesha pikipiki apange mapema nani atashika kazi hiyo, maana wiki sita bila kipato ni ndefu, na wengine hurudi kazini wiki ya pili na kufungua mshono.

Tendo la ndoa ni mwiko kwa wiki sita, au kadiri daktari wako atakavyosema. Kujichua pia. Ukiwa na homa, usaha, damu isiyokoma, ukishindwa kukojoa, au uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulegea, usisubiri asubuhi, nenda hospitali.

Kichwa cha uume kilikuwa na ganzi. Hilo liliniogopesha kuliko uvimbe. Hisia zilirudi kidogo kidogo, na nilihisi zimekamilika baada ya miezi mitatu hivi. Nikipapasa bado nahisi vifundo vidogo vya uzi ule wa ndani ambao hauyeyuki. Nimefupika, kwa kadiri niliyoambiwa. Mpindo mdogo umebaki, ambao daktari anasema hauna shida, na kweli hauna. Wiki ya saba, naona mwenzangu kule nyuma ananikazia macho, basi hapo nitaruka.

Kitu kimoja sikutegemea. Baada ya kila kitu kwenda sawa, nilikuwa na huzuni kwa mwezi mzima. Sikulala vizuri, sikutaka watu. Nilimwambia yule afisa wa kliniki, akaniunganisha na mshauri nasaha wa hospitali ya kaunti. Tulikaa mara nne. Ugonjwa huu huwaingiza wanaume wengi kwenye msongo wa mawazo, kabla ya upasuaji na hata baada yake, na hilo nalo linatibiwa.

Basi. Kando ya mlango wa kushoto kuna hema lenye pazia, pazia linalofungika, nimelijaribu mwenyewe asubuhi. Maafisa wa kliniki wawili wako ndani hadi saa kumi. Unaweza kuanza na kichwa ukipenda. Kwa maswali ya hapa hatutatumia kipaza sauti: vijana wanapitisha karatasi na kalamu, andika bila jina, kunja, tia kwenye kikapu. Nitayasoma yote, na yale ya kidaktari nitampa daktari. Kikapu kianze upande huu wa wazee.